Hajatembea Tangu Aolewe

Nakumbuka asubuhi moja, mjukuu wangu, nilipomuuliza mwanamke mzee kama anatembea, na wodi nzima ikaangua kicheko. Nilikuwa na umri kama wako sasa. Koti langu jeupe lilikuwa limepigwa pasi hadi linataka kusimama lenyewe, na mfukoni nilikuwa na rula ya chuma yenye mikono miwili, ile ya kupimia pembe za viungo. Sikujua wanachocheka. Nilidhani ni koti.

Jana ulipokuja kwangu na simu yako, ukaniomba nipite sebuleni mara tatu unirekodi kwa ajili ya somo lenu la mwendo wa binadamu, nilikutii. Ukatazama picha, ukaniambia goti langu la kushoto halinyooki vizuri. Ni kweli, halinyooki. Ulipoondoka nilikaa na chai yangu mpaka ikapoa, nikimkumbuka yule bibi, nikasema nitakuandikia. Nikikueleza ana kwa ana utaniamkia vizuri, utakunywa chai, halafu utaniambia una kipindi.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Maduka ya Arusha ambayo kwa muda mrefu yalikuwa na viberiti na rafu tupu yalijaa vitu kwa ghafla. Viatu vya mitumba vilimwagwa chini marundo kwa marundo, na kila aliyekuwa na kamtaji alifungua duka. Baba yangu alitoka Machame na sisi sote, akafungua lake la daftari na kalamu, tukahamia Sekei. Mimi nikapelekwa chuo kusomea fiziotherapia, neno ambalo baba hakuwahi kulitamka likafika mwisho. Kanisani aliwaambia wenzake kwamba binti yake anasomea kukanda watu. Niliumia sana. Mimi niliyekuwa najua jina la kila msuli wa paja, naambiwa nasomea kukanda.

Mwaka wa tatu tulipelekwa kwenye mafunzo ya vitendo, nami nikapangiwa hospitali moja ya misheni upande wa mlimani. Msimamizi wetu aliitwa Mwalimu Zakaria, Mmeru mrefu, mpole, asiyependa kusema jambo mara mbili. Alinipa mgonjwa wa kumhudumia peke yangu, ambaye mwishoni ningepimwa kwa kazi niliyomfanyia. Huyo alikuwa Bibi Anaeli. Alikuwa ameteleza wakati wa mvua akavunjika muundi wa kulia, na plasta ngumu ilikuwa imetolewa siku iliyotangulia. Mguu wenyewe ulikuwa umesinyaa, mweupe kwa ngozi kavu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ni binti wa wapi?"

Nikamwambia kwetu ni Machame.

"Machame," akasema, kwa sauti ya mtu aliyetajiwa ugonjwa, kisha akatabasamu.

Nikafungua faili. Faili zetu tuliziandika kwa Kiingereza, na maswali tuliuliza kwa Kiswahili, na hapo katikati ndipo nilipoanguka.

"Bibi, unatembea?"

"Mimi?" Akavuta kanga akajifunika vizuri. "Tangu nimeolewa sijatembea hata siku moja."

Ndipo wodi ilipocheka. Nami, mwanangu, niliandika. Niliandika kwa Kiingereza safi kwamba mgonjwa hajatembea tangu alipoolewa, nikapiga mstari chini yake ili daktari asipitwe.

Kesho yake Mwalimu Zakaria alisoma faili hiyo mbele yetu wote, akaisoma tena kimoyomoyo. "Ana watoto saba," akasema polepole. "Ana shamba la kahawa na ng'ombe. Alikuwa anabebwa?" Akamgeukia bibi, wakaongea Kimeru, wakacheka wao wawili. Halafu akaniambia, "Kwake kutembea ni kuzurura. Mwanamke anayetembea ni yule asiyetulia nyumbani kwake. Umemuuliza mama wa watu kama anazurura, tena mbele ya wenzake." Kuna maana nyingine mbaya zaidi unayoijua, hiyo hakuitaja na mimi siiandiki.

Nilitamani sakafu inimeze. Nikapiga goti kando ya kitanda, nikamwomba radhi, nikamuuliza basi nisemeje.

"Mimi nakwenda," akasema Bibi Anaeli. "Nakwenda shambani. Nakwenda kwa ng'ombe. Nakwenda mferejini. Kutembea ni kwenu nyie Wachaga, mnatembea nchi nzima mkitafuta mahali pa kufungua duka."

Nilimfikiria baba na daftari zake nikacheka mwenyewe. Nikafuta mstari ule, nikaandika upya, nikaona yameisha. Nilidhani kosa langu lilikuwa la neno.

Kila jioni alikuja mwanawe wa mwisho, Elibariki, aliyekuwa na duka la mabati na mabomba mjini. Alikuwa mtu mzuri, asiyekuja mikono mitupu. Siku moja alinifuata koridoni. "Dada, nakuomba uniambie ukweli," alisema. "Mama anakaa peke yake kule juu tangu baba afariki. Akiweza kujitegemea nitamrudisha, maana sitaki kugombana naye. Asipoweza namhamishia kwangu Olasiti. Nimeshamtengea chumba. Sakafu ya saruji, kote tambarare, hata ngazi moja hakuna."

Mimi niliona ni habari njema yoyote itakayokuwa. Nikamweleza bibi kwa furaha kwamba mwanawe amemwandalia chumba. Akaanza kukunja ncha ya kanga yake.

"Nyumba nzuri," akasema. "Nilikaa huko wiki moja. Unaamka, unakaa. Unapewa chai, unakaa. Ng'ombe wangu anajua sauti yangu tu, na mume wangu amelala pale chini ya migomba." Kisha akanishika mkono. "Binti, nisaidie nisipelekwe."

Kwa hiyo nilijua, mwanangu. Usifikiri sikujua kilichokuwa kinamtisha. Nilijua, na nikajitoa kwa moyo wote, na hapo ndipo kosa langu linaponichoma mpaka leo, maana halikuwa kosa la uvivu.

Siku ya kwanza nilipomsimamisha kati ya vyuma viwili vya kushikilia, nilimpaka unga wa chaki kwenye nyayo, akapita juu ya sakafu nyeusi ya koridoni, mimi nikapiga magoti nyuma yake na futi ya fundi cherehani kupima alama zake. Mwendo wake ulikuwa mbaya, kwa mujibu wa kitabu. Magoti aliyakunja kama anayetaka kukaa. Nyayo zilitazama nje, huku na huku. Vidole vilibana sakafu mpaka chaki ikatoka vipande vipande. Hata mguu mzima, ambao haukuvunjika, ulikwenda hivyo hivyo. Nikaandika kila kitu, na mbele ya kila kimoja nikaandika namna ya kukirekebisha.

Nikamrekebisha. Kisigino kitangulie, bibi. Nyoosha goti, bibi. Nyayo zitazame mbele, legeza vidole, tazama mlangoni usitazame chini. Alikuwa mwanafunzi hodari kuliko mimi. Makatambuga yake ya tairi niliyakataa, nikamwambia Elibariki atafute raba nyepesi kwenye mitumba, akaleta nzuri, nyeupe, yenye soli laini. Wiki baada ya wiki bibi alinyooka. Wauguzi wakaanza kumwita Mwalimu Mkuu kwa jinsi alivyopita wodini.

Na kila siku, nikimrudisha kitandani, alinitania neno lile lile. "Haya, kutembea nimejua. Kwenda utanifundisha lini?"

"Bibi na maneno yako," nilimjibu, nikacheka, nikaondoka.

Siku ya kupimwa alipita koridoni kutoka mwisho mpaka mwisho, amevaa gauni lake la kanisani, hajashika kitu. Wasimamizi kutoka chuoni walipiga makofi. Nilipewa alama ambazo hakuna mwenzangu aliyezipata, na baba aliposikia alisema binti yake sasa ni fundi wa mifupa, nikamsamehe lile neno la kukanda. Wiki hiyo hiyo Bibi Anaeli akaruhusiwa. Wakati wa kuagana aliitazama korido ile, akaniambia, "Umenifundisha vizuri sana. Hapa sianguki tena." Nilisikia sifa tu. Lile neno "hapa" lilipita pembeni ya sikio langu.

Hazikupita siku kumi. Mvua zilikuwa zimekaza, na Elibariki alikuja hospitali viatu vimejaa matope. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Mama ameanguka," alisema. "Hajavunjika, ni michubuko. Lakini sasa anaogopa hata kutoka nje. Jirani ndiye anayemkamulia. Jumamosi nakwenda na gari kumchukua." Kisha akanipa mkono. "Nyinyi mmefanya kazi nzuri, dada. Ni umri tu."

Nilimfuata Mwalimu Zakaria ofisini nikamweleza. Hakuinua macho kwenye makaratasi yake.

"Ulimpima wapi?"

"Koridoni, mwalimu."

"Bibi anaishi koridoni?"

Mkono wangu ukaenda kwenye rula mfukoni. Akauona, akasema, "Kesho nenda kwake. Na hiyo rula iache hapa."

Basi nilikwenda. Gari lilinishusha pale barabara inapoishia, nikapanda kwa miguu kati ya mashamba. Udongo mweusi wa mlima ukilowa, mwanangu, hauna urafiki na mtu wa mjini. Nilifika kwa Bibi Anaeli nimeshika migomba mmoja baada ya mwingine. Alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharage, mguu ameunyoosha mbele, na zile raba nyeupe zimetundikwa kwenye msumari ukutani, zimefuliwa. Chini huko ng'ombe alikuwa analia.

"Karibu," akasema. "Umekuja kutembea?"

"Nimekuja kukuangalia, bibi."

Akanionyesha njia kwa kidevu. Ilianzia pale pale mlangoni, ikashuka kwenye kahawa, ikapita migombani, zizini, mpaka mferejini, na ilishuka kwa ghafla kiasi kwamba mwisho wake sikuuona. Matope yalikuwa bado yana alama. Hatua ya kwanza ya raba, kisigino kimezama barabara kama nilivyofundisha. Ya pili vile vile. Ya tatu haikuwa hatua, ilikuwa mstari mrefu. Kando yake zilipita nyayo za jirani aliyekwenda kukamua, peku. Magoti sikuyaona lakini nyayo zilinieleza yote: zimetazama nje, huku na huku, na vidole vimechimba udongo. Zilikuwa zile zile nilizozipima kwa futi siku ya kwanza na kuziandikia dawa.

Alikuwa na mwendo wa kuteremkia mlima, umekaa mguuni tangu utoto. Mguu ulipovunjika haukuusahau. Mimi ndiye niliyeufuta.

Nililia, sitakuficha. Nilisimama kwenye matope ya mtu nikalia, kwanza kwa aibu, halafu kwa kumwonea huruma.

"Bibi, ulijua. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia kila siku," akasema, bila ukali. Akaendelea kuchambua maharage yake kidogo. "Niliona unafurahi. Nikasema mtoto ana mtihani, nimpe mwendo anaoutaka. Nilidhani nikifika huku mguu utakumbuka wenyewe. Haukukumbuka. Ulifundisha vizuri mno, binti."

Hakuna mwalimu aliyenipa adhabu kubwa kuliko sifa ile.

Kisha akaweka ungo chini. "Vua viatu," akaniamuru. Nikavua. Yeye akiwa amekaa mlangoni, mimi kwenye njia, alinifundisha kwenda. Kaa kidogo. Zaidi. Fungua nyayo. Bana na vidole, usikanyage, bana. Usitazame mbali, kule utafika tu. Hatua ya tatu nilikwenda chini kwa makalio mpaka kwenye mche wa kahawa, na Bibi Anaeli akacheka hata akashika mwimo wa mlango. Lilikuwa cheko la kwanza tangu aanguke, jirani aliniambia baadaye.

Jumamosi Elibariki alipofika na gari alinikuta pale. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kitaalamu, sikuyatumia hata moja. Bibi ndiye aliyesema. "Elibariki, huyu binti aliniharibu. Mwache anitengeneze."

Akanitazama mimi, akaitazama ile njia. "Mpaka mvua ziishe," akasema. "Akianguka tena, hakuna maneno."

Mwalimu Zakaria alinipa ruhusa, nikawa napanda kule kila nilipopata nafasi. Tulianzia kijimteremko cha nyuma ya jiko, mimi nimetangulia chini yake ili akianguka aniangukie mimi. Na hapa nataka unielewe, usije ukaondoka na wazo kwamba kitabu ni bure. Kifundo cha mguu wake kilikuwa kimekakamaa kwa plasta, na ni kitabu kilichonifundisha namna ya kukilegeza. Shavu la mguu lilikuwa limelegea, na ni kitabu kilichonifundisha namna ya kulirudishia nguvu. Mambo yale yale niliyoyajua, sasa niliyaelekeza mferejini badala ya kuyaelekeza mwisho wa koridoni. Nilipima vilevile, ila safari hii nilipima goti linakunjika kiasi gani, si linanyooka kiasi gani. Makatambuga yakarudi mguuni.

Asubuhi ya mwisho ya muda tuliopewa, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Elibariki alisimama mlangoni, ameshika funguo za gari. Mama yake alichukua ndoo ndogo, akakaa kidogo na magoti, akafungua nyayo, akashuka. Migomba ikamficha. Tulisikia anamwambia ng'ombe kitu kwa Kimeru, kisha kimya, kirefu sana kwangu, halafu kichwa chake kikatokea kwenye kahawa, ndoo juu yake, ina maji nusu. Alifika akaitua miguuni pa mwanawe.

"Nawa uso," akamwambia. "Umetoka mbali."

Elibariki akainama akanawa, na alikaa ameinama kwa muda mrefu kuliko uso wake ulivyohitaji. Wiki iliyofuata alileta mabomba kutoka dukani kwake, akajenga chuma cha kushikilia toka mlangoni hadi mferejini, imara, akakipaka rangi. Bibi alikisifia kwa kila mgeni. Alianikia kanga zake juu yake, na nyakati za mavuno maharage. Mkono wake sikuwahi kuuona pale.

Nilirudi hospitali nikafungua lile faili nimalize ripoti. Kwa Kiingereza, kutembea ni neno moja na kila mtu analielewa, lakini halikunitosha. Mwisho wa ukurasa niliandika kwa Kiswahili neno moja: anakwenda. Mwalimu Zakaria, ambaye hata kosa la nukta alikuwa akilizungushia wino mwekundu, aliliacha.

Aliishi kule miaka mingine mingi, akafia kitandani kwake, akazikwa chini ya migomba kando ya mumewe. Siku ya mazishi palikuwa na watu wengi wa mjini waliovaa viatu vizuri, wakishuka wameshikilia kile chuma cha Elibariki. Mimi nilivua vyangu.

Basi, mwanangu, hili ndilo nililotaka kukwambia kuhusu goti langu. Ulilipima vizuri, na pembe uliyoitaja ni sahihi. Lakini hukuniuliza nakwenda wapi nalo. Linanifikisha kanisani. Linanifikisha kwenye bustani yangu ya mchicha, na kwa mama yako pale kona nikiishiwa chumvi, na kwingine kote sina haja ya kufika. Liache lilivyo.

Soma kwa bidii, jua kila msuli kwa jina lake. Lakini kabla hujaugusa mguu wa mtu, muulize mguu huo umempeleka wapi maisha yake yote, na ukiweza nenda ukapaone, ukapakanyage mwenyewe. Usiurekebishe mwendo ambao hujajua umetokana na nini. Mgonjwa akikurudia utani ule ule mara tatu, kaa chini, si utani. Na siku utakapomharibia mtu, maana siku hiyo itakuja, usimwachie umri lawama. Panda kwake, useme ni mimi, na umwombe akufundishe.

Mungu aibariki mikono yako iwe na joto, ayafungue masikio yako mapema kuliko alivyoyafungua yangu. Akupe wagonjwa wenye subira, na mwalimu asiyefuta neno lako la kweli. Akushike kwenye matope. Na goti hili litakapokataa kabisa, akujalie uwe wewe utakayekuja, uviache viatu mlangoni, uniulize, "Bibi, unakwenda wapi?" Nitakuwa na jibu.